Mtufaha wa Granny Smith kwenye nchi ya baridi: matunda hayaivi

Ndugu zangu, habari za siku nyingi.

Nina mtufaha wa Granny Smith bustanini, una miaka minne. Mwaka jana ulichanua vizuri mwanzoni mwa Mei na kubeba sana. Lakini mpaka mwisho wa Septemba matunda yalikuwa madogo, magumu, makali mdomoni. Nikaogopa jalidi, nikayachuma yote. Baada ya wiki chache ndani, ngozi ikaanza kubabuka na kuwa kahawia. Tunda hili nalipenda kuliko yote, sitaki kuung'oa mti. Nikosoeni.

———

Kaka, pole. Mti wako hauna ugonjwa, ila ulichuma mapema mno.

Granny Smith huhitaji takriban siku 170 hadi 190 tangu maua yafunguke. Gala, aina nyingine ya tufaha, hutosheka na kama 115. Sasa hesabu: ukichanua tarehe 5 Mei, siku ya 180 ni tarehe 1 Novemba. Wewe ulichuma mwezi mzima kabla. Na kule kubabuka ghalani ndiko hasa kunakoipata Granny Smith iliyochumwa changa.

Asili ya mti wenyewe ni Australia, karibu na Sydney, ulikoota kwenye shamba la Maria Ann Smith mnamo 1868. Umezoea msimu mrefu wa joto. Huku hatuwezi kuongeza siku za kalenda, ila joto la kila siku tunaweza kuliongeza, na hapo ndipo pa kuweka nguvu zako.

Kama una ukuta wa matofali au mawe unaotazama kusini (nasema kusini kwa sisi tulio nusu ya kaskazini ya dunia), hapo ndipo mahali pake. Ukuta hunywa jua mchana na kulirudisha usiku. Matawi yafunge kwenye nyaya yalale kushoto na kulia, mti ubaki bapa kama mkeka uliotundikwa, kila tunda lipate mwanga. Ubaya wake ni mmoja: ukutani mti huchanua mapema kidogo, na maua yaliyofunguka huanza kufa joto likishuka kufikia nyuzi −2. Likifika −4 hubaki machache sana. Kwa hiyo wakati wa maua uwe na shuka kuukuu tayari, funika jioni, funua asubuhi nyuki wafanye kazi.

Usiung'oe huo ulio nao; mti mpya wa ukutani utautoa kwake. Wakati wa baridi kali, mti ukiwa umelala, kata vikonyo vya unene wa penseli kutoka matawi ya mwaka uliopita, uvifunge kwenye karatasi yenye unyevu ndani ya mfuko, uvitie kwenye friji mbali na matunda. Machipukizi yakianza kuvimba, bebesha (yaani unganisha kikonyo) kwenye shina fupi la M9, aina ya shina la mtufaha linalozuia mti kurefuka. Shina hilo huzaa mapema, mara nyingi mwaka wa tatu, lakini mizizi yake ni dhaifu na litahitaji nguzo ya kuegemea maisha yake yote. Pale kiungo kilipo pabaki juu ya udongo. Ukipazika, kikonyo kitatoa mizizi yake chenyewe na ufupi wote utapotea.

Umesema mti ulibeba sana. Hapo ndipo moyo unapopaswa kuwa mgumu. Matunda yakifika ukubwa wa kokwa ndogo ya jozi (walnut), acha moja tu kwenye kila kishada, na kati ya tunda na tunda iwe shibiri moja. Nilipoanza niliona uchungu kutupa ndoo nzima ya vitunda, lakini yaliyobaki yalinenepa na kuwahi. Mbolea yenye naitrojeni nyingi isiwekwe baada ya katikati ya kiangazi. Mti utaendelea kutoa majani badala ya kuivisha.

Siku ya kuchuma usiiamini rangi, maana tunda hili ni kijani mwanzo hadi mwisho. Kata moja katikati, kokwa ziwe kahawia. Kisha paka iodini ya dukani, subiri dakika moja. Likigeuka jeusi lote, bado lina wanga. Weupe ukianza moyoni na kutambaa kuelekea ngozi, wakati umekaribia. (Hilo la majaribio usile.) Jalidi nyepesi ya usiku mmoja isikutishe, tunda lenyewe huganda kwenye kama nyuzi −2. Ukilikuta limeganda, usiliguse mpaka liyeyuke mtini.

———

Asante sana dada. Je, nikipanda mbegu zake niokoe kazi ya kubebesha? Na Pink Lady inaweza huku?

———

Mbegu hapana. Kila mbegu ya tufaha ni mtoto wa wazazi wawili na haifanani na mama; Granny Smith zote duniani ni vikonyo vilivyotokana na mti ule mmoja. Pink Lady nayo iache: inataka siku kama 200, hata ukuta hautakuokoa.

Jambo nililosahau: panda hatua moja mbali na ukuta, shina likiinamia ukutani. Udongo wa chini ya ukuta hubaki mkavu hata mvua ikinyesha, kwa hiyo mwagilia kiangazi chote, hasa matunda yanapojaa.