Mhusika wa riwaya humbadilisha msomaji, au msomaji humchagua aliyekwisha kufanana naye?

Msomaji wa Usiku

Ndugu wanajukwaa, nina swali ambalo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Mwaka jana nilisoma riwaya ambayo mhusika wake mkuu, mama mmoja wa makamo, akiulizwa jambo hujibu baada ya kimya kirefu, kana kwamba anayapima maneno kabla ya kuyatoa. Riwaya yenyewe sikuipenda sana, na mwisho wake ulinichosha. Hata hivyo, miezi miwili baadaye mwenzangu wa kazini aliniuliza kwa nini siku hizi nikiulizwa swali hunyamaza kwanza, na hapo ndipo nilipotambua kwamba kimya kile si changu, nimekiazima.

Kinachonitatiza ni kwamba mhusika ninayempenda kuliko wote, mtu mkarimu anayetoa kila alicho nacho, nimemsoma mara tatu na sijaona mkono wangu ukifunguka zaidi kwa sababu yake. Imekuwaje basi nikamwiga nisiyemjali na nikashindwa kumwiga ninayemhusudu? Au pengine nilikuwa mnyamavu tangu awali, na riwaya ile imenipa tu jina la kuiita tabia niliyokuwa nayo?

Kurasa Nyingi

Swali lako lina pande mbili, nami nitaanza na ule wa pili. Ni kweli kwamba msomaji hafiki kitabuni akiwa mtupu, kwani huchagua cha kusoma, na ndani ya alichokichagua huchagua tena nani wa kuandamana naye. Kwa hiyo mtu akisema "mhusika huyu amenifanya jasiri", sharti tujiulize kama si ujasiri wake uliomwelekeza kwenye kitabu hicho.

Lakini kuchagua hakumalizi jambo. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani, Geoff Kaufman na Lisa Libby, walichapisha majaribio ambamo wasomaji hawakupewa nafasi ya kujichagulia. Katika mojawapo, wanafunzi wa chuo kikuu walipewa, siku chache kabla ya uchaguzi, hadithi fupi ya mwanafunzi anayepambana na vikwazo siku ya kupiga kura. Hadithi ilikuwa ileile, ila baadhi waliisoma kwa nafsi ya kwanza na wengine kwa nafsi ya tatu, na mhusika alikuwa ama wa chuo chao ama wa chuo kingine. Baada ya uchaguzi, asilimia 65 ya waliosoma kwa nafsi ya kwanza habari za mwenzao wa chuo kimoja walisema walipiga kura, ilhali waliosoma kwa nafsi hiyohiyo ya kwanza habari za mwanafunzi wa chuo kingine walikuwa asilimia 29. Sisemi kwamba jaribio moja dogo linatosha kuwa msingi wa nyumba nzima, lakini linaonyesha kwamba namna ya kusimulia na ukaribu wa mhusika vina nguvu yake, mbali na hulka ya msomaji.

Kuna jaribio jingine la watafiti haohao ambalo mimi hulipenda zaidi. Wasomaji waliowekwa kwenye kijichumba chenye kioo cha kujitazamia walishindwa kuingia ndani ya mhusika kama wale waliokuwa mahali pasipo kioo. Ili umvae mhusika, inabidi ujisahau kidogo. Nadhani jibu la swali lako la kwanza limejificha hapo: kila unapomsoma yule mkarimu unajitazama, unajilinganisha naye na kuona aibu kidogo, kwa hiyo kioo unacho mkononi muda wote. Yule mama mnyamavu hukumjali, na kwa hiyo hukujilinda naye.

Mhakiki Mstaafu

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu kioo, lakini naona amekipita kitu kilicho wazi zaidi, nacho ni umbo la mhusika mwenyewe. Katika uhakiki tunatofautisha mhusika bapa na mhusika duara, na mara nyingi tunamdharau bapa kwa kuwa hana undani. Kwa habari ya kuigwa, hata hivyo, bapa ana faida kubwa, kwa sababu ana tendo moja linaloonekana, linalorudiwarudiwa, na linaloweza kubebwa nje ya kitabu bila kubeba maisha yake yote. Kimya kabla ya jibu ni tendo la aina hiyo. Ukarimu si tendo moja; ni maamuzi mia yanayofanyika katika mazingira tofauti, na kila moja lina gharama yake.

Mfano unaotajwa mno katika mada hii ni ule wa riwaya ya mwandishi Mjerumani Goethe ya mwaka 1774 kuhusu kijana Werther, anayejiua kwa sababu ya mapenzi yasiyowezekana. Vijana wa Ulaya walianza kuvaa koti la buluu na kizibao cha manjano kama yeye, na mwaka 1775 mji wa Leipzig ulipiga marufuku kitabu pamoja na mavazi hayo. Mwaka huohuo Goethe mwenyewe aliongeza katika toleo jipya beti zinazomalizika kwa sauti ya Werther kumwambia msomaji awe mwanamume na asimfuate. Tazameni mwandishi anavyolazimika kumkanya msomaji kwa kinywa cha mhusika wake mwenyewe!

Lakini tuwe waangalifu hapa. Kwamba mavazi yaliigwa ni jambo lisilobishaniwa sana. Kwamba vifo vingi vilitokana na kitabu kile ni dai lenye ushahidi hafifu. Mwaka 1974 mwanasosholojia David Phillips alipolitumia jina la Werther kuelezea ongezeko la watu kujiua, alichokuwa amechunguza ni habari za magazeti kuhusu watu halisi. Riwaya imetoa jina tu, na tangu hapo watu hulitaja jina hilo kana kwamba lilikuwa ushahidi dhidi ya riwaya. Koti huvaliwa kwa dakika moja na huvuliwa kwa dakika moja, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya tunachochukua kwa wahusika ni koti.

Kalamu Kavu

Mzee wangu Mhakiki, naongeza neno moja kuhusu waovu. Nilisoma riwaya inayosimuliwa na tapeli kwa nafsi ya kwanza, na kwa siku tatu nzima nilijikuta nikitunga visingizio vizuri mno kwa mambo yasiyohitaji kisingizio. Sikumpenda tapeli yule wala sikukubaliana naye. Ila alikuwa amenifundisha mwendo wa sentensi zake, na sentensi zikishakolea ulimini hutafuta kazi ya kufanya. Baada ya hapo nilianza kitabu kingine na ugonjwa ukaisha wenyewe. Kimya cha ndugu muuliza swali kimedumu, nadhani, kwa sababu kilimpatia kitu: aliponyamaza, watu walimsikiliza zaidi. Visingizio vyangu havikunipatia chochote.

Msomaji wa Usiku

Nawashukuru nyote. Baada ya kusoma majibu yenu nimeifungua tena ile riwaya, safari hii nikiwa na penseli, ili nitie alama kila mahali ambapo yule mama ananyamaza kabla ya kujibu. Kwa kumbukumbu yangu ilikuwa ni tabia yake katika kitabu kizima. Nimepata mahali pawili tu. Mahali pa kwanza ni kweli anapima maneno. Mahali pa pili msimulizi anasema waziwazi kwamba hakusikia swali.

Sasa sijui nilikuwa namwiga nani.