Programu ya akiba ya dawa: tuhamie PHP 8 au tubaki na 7.4?

Mtoa hoja, Lubumbashi: Programu tunayoitunza kwa ajili ya vituo vya afya vya Katuba na Ruashi bado inategemea PHP 7.4 (PHP ni lugha ya kuandikia programu), toleo lililoacha kupata marekebisho ya usalama mnamo Novemba 2022. Baadhi yetu wanataka tuhamie toleo la 8 mara moja. Wengine wanasema kinachofanya kazi kisiguswe.

Mimi naunga mkono kuhama, ingawa hoja ya usalama, inayotajwa kuliko zote, naiona dhaifu kwetu, kwa kuwa kompyuta za vituo hivyo hazijaunganishwa na intaneti. Kinachonisukuma ni watu. Vijana wanaojiunga nasi wana toleo jipya kwenye mashine zao, na wakitumia str_contains, amri ya kuangalia kama maandishi yana neno fulani ndani yake, iliyoanza na 8.0, kazi yao hukwama mara inapofikishwa kituoni.

Mchangiaji, Kampemba: Ndugu, programu ikikwama, angalau kila mtu anaona. Mimi nahofia kisichoonekana. Katika 7.4, ukilinganisha 0 na maandishi matupu (""), yaani nafasi isiyojazwa, kwa alama ==, inayouliza kama vitu viwili ni sawa, jibu ni kweli; tangu 8.0 jibu ni si kweli. Leo muuguzi akiacha nafasi ya idadi wazi, dawa huhesabiwa kuwa imekwisha na huingia katika orodha ya kuagiza. Tukihama bila kugusa mistari ya programu inayolinganisha hivyo, dawa hiyo itaondoka katika orodha bila onyo lolote, na mgonjwa ndiye atakayegundua.

Mtoa hoja: Lakini kasoro hiyo tunayo tayari, ndugu yangu. Muuguzi ambaye hajahesabu hajasema kwamba dawa imekwisha, na sisi tumekuwa tukimsemea. Napendekeza tuirekebishe tukiwa bado kwenye 7.4: programu iulize kwanza kama nafasi imejazwa, ndipo ilinganishe. Kuweka ===, alama inayodai pia vitu viwe vya aina moja, kila mahali hakutatosha, maana fomu hutuma "0" kama maandishi, wala si kama namba, na ulinganisho huo ungeikataa hata sifuri halali.

Mchangiaji, Kampemba: Kwa utaratibu huo nitashiriki. Hata hivyo, tarehe ya kuhama sitaikubali kabla hatujaendesha matoleo yote mawili juu ya nakala ya data ya kituo kimoja, na kila tofauti kati ya orodha mbili za kuagiza iwe imeelezwa na mfamasia, si na sisi tunaoandika programu.