Mjadala: Baiskeli za mbio za kisasa zimeboreshwa kweli, au tunauziwa mbwembwe?

Mleta mada

Wakuu, habari za wikiendi.

Juzi breki ya mbele ya baiskeli yangu ilianza kulegea. Mkono wa breki nauvuta mpaka unagusa usukani. Nikaenda kwa fundi wangu wa siku zote, Unga Limited hapa Arusha, mzee anayenitengenezea baiskeli tangu niko sekondari. Akaipindua tairi juu, akapapasa usukani wote, kisha akauliza: "Mwanangu, waya uko wapi?" Nikamwambia haina waya, mle ndani kuna mafuta. Akafuta mikono, akairudisha chini. "Hii wapelekee wa pikipiki."

Siku tisa nimekaa nikisubiri kifaa cha kutolea hewa kwenye breki. Ile yangu ya zamani ya chuma ikikatika waya, duka lolote la vipuri utaupata, na nusu saa uko barabarani.

Sasa tumepata nini? Mimi sibishi kwamba watu wanakwenda kasi zaidi. Ninachobisha ni kwamba kasi hiyo haitoki pale tunapotozwa hela. Chukueni rekodi ya saa moja, yaani umbali ambao mwendesha baiskeli mmoja anaumaliza kwa saa moja akizunguka kiwanja cha baiskeli. Eddy Merckx, Mexico City, 1972: kilomita 49.431. Chris Boardman, 1996, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayepaa: 56.375. UCI, wale wasimamizi wa mbio za baiskeli duniani, wakakataa, wakasema anayetaka rekodi apande baiskeli ya mtindo wa Merckx, usukani wa kupinda na spoki za kawaida. Boardman akarudi mwaka 2000, akapata 49.441. Kamzidi Merckx mita 10! Maana yake zile kilomita 7 zote zilikuwa upepo: mkao, helmeti, nguo za kubana. Gia za umeme ambazo Shimano walizileta 2009 ni tamu, nimezionja, lakini hazikupasulii upepo.

Karibuni. Matusi hapana.

Spoki36

Mkuu, hesabu yako imetoboka. Mexico City iko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, haikusukumi nyuma kama ya huku chini. Boardman ile ya 2000 aliifanyia Manchester, tena akiwa anaelekea kustaafu. Hapo unalinganisha nini na nini? Halafu Filippo Ganna mwaka 2022, pale Grenchen, Uswisi, kaipiga hiyo hiyo rekodi ya saa moja kwa 56.792 bila ule mkao wa kupaa, maana ulishapigwa marufuku. Kama hiyo si teknolojia ni uchawi?

Mleta mada

Hapo kwenye Mexico umenikamata, nakubali. Ila Ganna anatetea hoja yangu, si yako. Baiskeli aliyopanda ina gia moja na haina breki hata ya dawa! Yangu ya dukani ina gia 24 na breki mbili za diski, hizo hizo za mafuta, na ndizo zilizopandisha bei.

MamaCheni

Nyie bishaneni kiwanjani, kule hakuna ng'ombe wala lori. Mimi nashuka Lushoto kwenda Mombo, mvua inanyesha, kona juu ya kona. Breki ya rimu, ile ya raba zinazobana ukingo wa gurudumu, ukiivuta kwenye maji, raba inaanza kwanza kufuta maji, ndipo ishike. Hizo sekunde mbili ukiwa na bonde kushoto ni ndefu jamani. Diski inashika hapo hapo. Fundi wako nampa pole, ila mie sirudi nyuma.

Na mmesahau tairi. Tulifundishwa tairi jembamba la milimita 23, lijazwe mpaka liwe jiwe, ndilo lenye mbio. Kumbe kwenye lami mbovu jiwe linarukaruka, na nguvu zako zinaishia kwenye kuruka. Siku hizi hata mapro wako kwenye 28 na 30, upepo wa wastani. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote na ndilo la bei rahisi.

Kijiti

Tadej Pogačar alibeba Tour de France ya 2020, mbio kubwa kuliko zote za baiskeli, kwa breki za rimu. Nimemaliza.

MamaCheni

@Kijiti yeye anashuka barabara iliyofungwa, na gari la timu liko nyuma na baiskeli za akiba juu. Wewe una nini nyuma? Bodaboda anayekupigia honi.

Mzee wa Phoenix

Swali dogo tu: hizo zenu zinabeba gunia la mkaa?

Mleta mada

Mzee, heshima yako 😂

Hoja ya tairi imeniingia. Basi nafanya hivi: naifufua ile ya chuma, breki zake za waya, naivika tairi za 28. Fundi wangu ataiweza, na mimi nitapata ulaini.

Spoki36

Kabla hujanunua, pima nafasi chini ya breki. Za zamani zilitengenezewa tairi nyembamba. Mimi la 28 lilinigomea.

Mleta mada

Nimeazima moja kwa jirani, nimetoka kupima sasa hivi. Linagusa.