Fildi (mafunzo kwa vitendo) ya ustawi wa jamii wakati wa korona: kesi za maandishi, igizo dhima au simu?

Mratibu_Fildi: Wakuu, vyuo vilipofungwa Machi 2020 wanafunzi wa ustawi wa jamii walikosa ofisi za kwenda. Kule Marekani CSWE, baraza la elimu ya ustawi wa jamii, liliruhusu saa za fildi zishuke hadi asilimia 85: shahada ya kwanza 340 badala ya 400, uzamili 765 badala ya 900. Hizo zinazobaki zijazwe na nini?

Binti_Kahama: Igizo dhima kwa video. Kesi ya maandishi inafundisha kuandaa mpango wa huduma, ila karatasi haimfichi afisa kitu. Wagawe watatu watatu: mteja, afisa, mtazamaji. Mahojiano dakika 20, mrejesho 10, kisha wabadilishane. Mteja apewe siri asiyoijua afisa, mfano kipigo nyumbani, asiitoe mpaka aulizwe vizuri. Afisa aandike mahojiano yote neno kwa neno, na pembeni alichohisi. Humo ndimo msimamizi anaona maswali yaliyomtilia mteja jibu mdomoni.

mzee_wa_mashauri: Sawa dada, lakini wanaosoma pamoja huhurumiana, siri inatoka dakika ya tatu. Mteja aigizwe na mtu wa darasa lingine.

Sauti_ya_Mtoto: Simu kwa wateja halisi ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi, na ndiyo yenye hatari. Anayempa mama kipigo anaweza kuwa amekaa naye sebule moja. Anza na maswali ya ndiyo au hapana: "Uko peke yako?" "Tuendelee?" Kubalianeni na neno la kukatisha, akisema "umekosea namba", kata, usipige tena mpaka muda mliopanga. Mwanafunzi asitumie laini yake wala asirekodi. Shauri la ukatili kwa mtoto lifike kwa msimamizi siku hiyohiyo; la dharura lipelekwe 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto.

Mratibu_Fildi: Na bando? Wengi wako vijijini.

Binti_Kahama: Igizo la kwanza liwe la video ili wajifunze kusoma uso, yanayofuata simu ya sauti ya pamoja. Inakula bando kidogo na inawazoesha kusikiliza ukimya.

mzee_wa_mashauri: Ziara ya nyumbani haina mbadala hapo. Kwa simu huoni mtoto analala wapi wala kama ana alama mwilini. Sehemu ya makazi kwenye fomu ya tathmini iachwe wazi, iandikwe "haijatembelewa", mpaka mtu afike.