Tupeane uzoefu: nani alijifunza foreksi (biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni mtandaoni) kwa kukaa na mwalimu, na nani alijifundisha mwenyewe?

Mdogo wangu amemaliza shule na ameniomba shilingi elfu 30 alipie darasa la foreksi pale mjini. Sijamjibu. Nataka kwanza asome hapa yaliyotupata sisi, kwa hivyo tafadhali andikeni ukweli wenu, hata ukiwa unauma. Naanza na yangu.

Mwaka 2019 nilikuwa nimepanga chumba Roysambu. Nilijifunza kwa video, usiku, bando likiwa bei nafuu. Baada ya miezi mitatu nilijua kuchora mistari na kusoma mishumaa (vijiti vinavyoonyesha bei ilivyopanda na kushuka) kwenye chati, nikaweka dola 100. Dalali, yaani kampuni inayokuingiza sokoni, alinipa mkopo wa 1:400 (kila dola yangu moja ishike biashara ya dola 400), kiwango cha juu kinachoruhusiwa hapa Kenya, kwa hivyo kufungua loti 0.10 (loti ni kipimo cha ukubwa wa biashara) ya yuro kwa dola kulinidai dhamana ya yuro 25 tu. Hesabu ambayo sikupiga ni hii: kwa loti hiyo kila pipu, yaani hatua ndogo ya bei kusogea, ni dola moja, na pipu 50 huweza kwenda kabla chai haijapoa. Ijumaa moja ripoti ya ajira ya Marekani ilitoka nikiwa ndani, akaunti ikaungua, pesa yote ikaisha. Nikaweka nyingine. Niliunguza nne mwaka huo, na ya nne ilikuwa pesa ya kodi ya nyumba.

Kwenye jengo letu kulikuwa na mama aliyewahi kuwa karani wa benki, akifanya foreksi kimya kimya mezani kwake. Alinikubalia nikae naye Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa nne asubuhi soko la London linapofunguka (miezi ya baridi kwao huwa saa tano). Nilitarajia anipe mbinu ya siri. Siku ya kwanza aliniuliza, "Ukikosea hapa, unapoteza shilingi ngapi?" Sikuwa na jibu. Akanikataza kugusa kompyuta mpaka niandike daftarini naingia wapi, natokea wapi, na hasara ni ngapi.

Wiki ya pili bei ilinigeukia, nami nikaanza kusogeza mbali alama ya kukata hasara (bei ambayo biashara hujifunga yenyewe ili hasara isizidi), nikijiambia itarudi. Mama akasema taratibu, "Mwanangu, mbona unaisogeza?" Nilikuwa nimefanya hivyo miezi yote ile peke yangu bila hata kujua kwamba nafanya. Video inakufundisha wewe unayetulia. Haikuoni unapoogopa.

Wa Rongai: Kaka, mimi nililipa elfu 35 mwaka 2022 kwa wiki mbili. Tulikuwa ishirini na kitu chumbani, mwalimu akituonyesha picha za faida zake kwenye simu. Hakuna siku alifanya biashara mbele yetu. Akatusajili kwa dalali kupitia kiungo chake, akatuhimiza tuingie sokoni mara kumi kwa siku. Baadaye sana nikafahamu kwamba analipwa kamisheni kila tunapofungua biashara, tushinde tushindwe. Mdogo wako amuulize mwalimu huyo swali moja tu: pesa yako inatoka wapi?

Wa Umoja: Mimi nilijifundisha na sijutii, sikuwa na pesa ya darasa. Miezi minane kwenye akaunti ya majaribio, isiyo na pesa halisi, kisha pesa halisi kidogo, loti 0.01, ambapo pipu ni senti kumi za dola. Sihatarishi zaidi ya asilimia moja kwa biashara. Lakini niwe mkweli: kila Jumapili nilimsomea mume wangu daftari langu. Yeye hajui chochote cha chati, ila akisikia "niliingia kwa hasira" ananiangalia tu. Kwa hivyo sijui kama kweli nilikuwa peke yangu.

Wa Kayole: Nilipata mwalimu mzuri, mvumilivu, hakuniibia hata shilingi. Bado nilipoteza, nikaacha 2023. Wasimamizi wa masoko ya Ulaya walisema mwaka 2018 kwamba akaunti za watu wa kawaida zinazopoteza pesa kwenye biashara za namna hii ni kati ya asilimia 74 na 89. Natamani mtu angenisomea hiyo siku ya kwanza.

Wa Buruburu: Niongeze kidogo. Leseni ya dalali kutoka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji haimgeuzi mwalimu kuwa na leseni. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti yao. Na mwalimu akisema "nipe pesa nikufanyie mimi," hiyo ni kazi nyingine yenye leseni yake kisheria. Mimi nilitoa elfu 80 kwa mtu wa hivyo, tulikuwa tukisali pamoja.

Pole sana, wa Buruburu. Asanteni nyote. Elfu 30 simpi. Nimemnunulia daftari, na nimeongea na yule mama aliyenifundisha: amekubali akae naye Alhamisi, akaunti ya majaribio tu mpaka Desemba. Ameshaanza kusoma majibu yenu na anauliza jambo moja. Dadangu wa Umoja, daftari lako umeligawa vipi, unaandika nini kabla na nini baada? Tuwekee hapa ukipata nafasi.