Hivi kwa nini tukigawanywa tu makundi tunaanza kuonana wabaya?

Mdadisi_Kimya: Wakuu, juzi kazini tulikuwa na semina tukagawanywa timu kwa kuokota vikaratasi, wekundu na bluu, basi. Mi bluu. Hata saa mbili hazijaisha nikajikuta naona wekundu wana kiherehere, wanajisikia, hadi jamaa ninayekaaga naye meza moja miaka yote namwona mjanjamjanja tu. Hii ni roho mbaya yangu au binadamu ndo tulivyo?

Mzee wa Nukta: Ndo tulivyo mkuu. Mwanasaikolojia Henri Tajfel, Myahudi wa Poland aliyepoteza ndugu zake kwenye mauaji ya Wanazi, miaka ya 1970 kule Bristol, Uingereza, aliwagawa vijana wa shule eti kwa jinsi walivyokadiria idadi ya nukta, kumbe mgawo wenyewe bahati nasibu tu. Akawaambia wagawie wengine pointi za hela, hawajui nani ni nani na mgawaji mwenyewe hapati kitu. Wakapendelea kundi lao. Kilichonishangaza zaidi, mara nyingi walikubali kundi lao lipate pungufu ili mradi lile lingine liachwe mbali. Yaani bora nikose ila nikuzidi!!

pilipili_kichaa: Napinga kidogo hapo. Kupendelea wako sio kumchukia wa nje, hivyo ni vitu viwili. Chuki inakolea mkigombania kitu. Mwanasaikolojia Muzafer Sherif mwaka 1954 alipeleka watoto wa kiume 22 kambini Oklahoma, Marekani, makundi mawili, akaweka mashindano ya zawadi, wakaishia kuchomeana bendera na kuvamiana mabweni. Akajaribu kuwakalisha meza moja wale chakula pamoja, wakarushiana chakula 😂 Walianza kupoa pale maji ya kambi yalipokatika ikabidi wote wahangaike. Kwa hiyo hizi pati za kuleta umoja maofisini mi siziamini.

Mzee wa Nukta: @pilipili_kichaa sawa, ila mpaka wenyewe kati ya "sisi" na "wao" unahama. Kuna utafiti wa Uingereza, mashabiki wa Manchester United wakimwona mtu kaanguka wanamsaidia sana akiwa na jezi yao, wa Liverpool wengi wanampita. Ila wakitangulia kuongelea ushabiki wa mpira kwa ujumla, hata wa Liverpool anainuliwa. Asiye na jezi ya timu ndo mara nyingi anaachwa pale chini.

Mdadisi_Kimya: Aisee. Siku ile ile mwekundu mmoja aliniazima chaja, nikasema moyoni "huyu hayuko kama wenzake". Wenzake wenyewe hata sijaongea nao.