Karavani ya mtumba: nikague nini kabla ya kutoa hela?

Kisiki
Wakuu, kuna karavani (nyumba ya kuvutwa na gari) ya ekseli moja, umri miaka 15, naenda kuikagua. Ndani inang'aa, ila pembe zote za nje zimepakwa silikoni mpya. Muuzaji amenipa saa mbili tu. Nianzie wapi, na nikiona nini nigeuze niondoke?

Fundi Bisibisi
Anza na maji, mkuu. Ukuta wa karavani nyingi za umri huo ni bati la alumini nje, fremu ya mbao na povu katikati, plaiwudi nyembamba ndani. Maji yakipenya kwenye kiungo, mbao zinaoza taratibu huku ukuta wa ndani bado unapendeza. Kiungo kinachovuja hutengenezwa kwa kufungua reli ya alumini, kukwangua masitiki (gundi ya kuzibia) ya zamani na kuweka mpya. Silikoni ya kupaka juu juu ni poda usoni tu, kwa hiyo muulize aliipaka kwa nini.

Beba kipima unyevu cha pini. Chomeka chini ya madirisha, kuzunguka dirisha la dari, ndani ya makabati ya juu pembeni, na nyuma ya mito ya viti. Hadi asilimia 15 hakuna neno. Kati ya 15 na 20, pima jirani yake ulinganishe. Ikizidi 20 maji yanaingia, na ikipita 30 tegemea mbao zilizooza. Pini zikigusa chuma zitakudanganya, basi bonyeza na kwa kidole gumba: ukuta usiooza haubonyei.

Vua viatu utembee mlangoni na mbele ya jiko. Sakafu inayonesa na kulia, plaiwudi imeachana na povu. Hiyo inatibika kwa kudunga gundi ya epoksi, mradi mbao hazijaoza.

Mzee wa Ekseli
Namba ya chesisi ifanane na ya kwenye karatasi, isipofanana, kwaheri.

Tairi usizipime kwa kashata (meno ya tairi). Tela hukaa bila kutembea, mpira unapasuka ubavuni ukiwa bado na kashata nene. Tafuta tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: 2318 ni wiki ya 23 ya 2018. Zikipita miaka 7, hesabu bei ya mpya.

Inua kwa jeki, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, kagua beringi. Kisha vuta breki ya mkono ujaribu kuisukuma karavani kinyumenyume. Ikiendelea kutembea, breki zinahitaji matengenezo.

Moto wa Bluu
Friji inasahaulika. Nyingi hazina kompresa, zinapoza kwa joto la gesi au umeme, na huchukua saa kadhaa. Mwambie muuzaji aiwashe tangu usiku. Ukikuta harufu ya amonia au unga wa njano nyuma yake, imevuja, na kuitengeneza mara nyingi hakulipi.

Mpira wa gesi una tarehe, isome. Viungo vipake povu la sabuni. Moto wa jiko uwe wa bluu. Wa njano unaleta masizi na kaboni monoksidi, gesi ya sumu. Hakikisha pia matundu ya hewa ya sakafuni hayajazibwa, maana watu huyaziba kwa sababu ya baridi.

Kisiki
Asanteni. Kwa saa mbili, nikiacha kitu niache kipi?

Fundi Bisibisi
Mapazia, redio, pampu ya maji. Na pembe mbili zikisoma zaidi ya 25, hata jeki usiitoe kwenye gari.